Hongera, Maktaba ya Ngamia

Mnamo Oktoba 1996, Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Baadaye huduma hiyo ikaingia Wajir. Mahali gari linapokwama mchangani, ngamia hupita. Mmoja hubeba masanduku mawili yenye vitabu kama 400, mwingine hubeba hema. Mikeka hutandikwa kivulini, masanduku hufunguliwa, na msomaji huazima kitabu kwa wiki mbili.

Likizo ndefu ndiyo wakati wa kupendekezeana vitabu: aliyemaliza amwambie mwenzake kipi asikikose. Mimi nawapendekezea wakubwa Kusadikika cha Shaaban Robert, na wadogo Hekaya za Abunuwasi. Hekaya hizo zikisomwa kwa sauti, hata bibi asiyejua kusoma hapitwi na kitu.

Wakutubi na wachunga ngamia, pokeeni pongezi zetu. Mmethibitisha kuwa anayehamahama na mifugo yake ana haki ya kitabu sawa na mkazi wa Nairobi. Wenye bajeti nao wawaongezee ngamia na vitabu.