Kuwamba Gurudumu

Baiskeli yangu ilikuwa imepinduliwa chini ya mwavuli wa fundi, tandiko na usukani vikigusa vumbi, magurudumu yakitazama juu. Nilikuwa nimerudi nayo kutoka Kinunu, kando ya Ziwa Kivu, na ringi ya nyuma ilikuwa imepiga tenge hata inakwaruza breki kila inapozunguka. Nilidhani atashika spana mara moja. Hakushika. Alilizungusha gurudumu, akalisimamisha kwa kiganja, kisha akaanza kuzidonoa spoki moja moja kwa ukucha wa kidole gumba, kama mpiga gambusi anayezisikiliza nyuzi kabla ya kuanza. Ting, ting, ting, halafu tep. Ting, ting, tep. Zile mbili zilizolia tep akazitia alama ya chaki.

"Mtoto wangu," akasema, "wewe unaona ringi imepinda. Ringi haina kosa. Hizi mbili zimelala, na nyingine zimechoka kuzibebea mzigo."

Mzee huyu anakaa upande wa Mbugangari mjini Gisenyi, Rwanda, karibu na mpaka mdogo wa kuingilia Goma, Kongo, ambapo maelfu ya watu wamezoea kuvuka kwa miguu. Wateja wake wakubwa ni wanyonzi, vijana wa baiskeli za abiria, pamoja na wachuuzi wanaoteremsha viazi na karoti kutoka milimani. Mimi ni mteja mdogo, mwenye baiskeli ya mlimani ya inchi 26 na maswali mengi. Kila ninaposubiri zamu yangu ninaishia kukaa kwenye dumu la mafuta lililopinduliwa na kutazama kazi yake, na mara nyingi zamu inafika nami sijaitaka.

Wengi wetu tunaamini gurudumu husimama juu ya spoki zilizo chini, kama nyumba juu ya nguzo. Lakini spoki ni waya. Ukiubonyeza waya, unajikunja. Nguvu yake yote imo katika kuvutwa. Ndiyo maana gurudumu hufungwa likiwa limekazwa kote kote: kila spoki inaivuta ringi kuelekea kitovuni, nusu zikivutia kulia na nusu kushoto. Unapoketi, zile za chini hulegea kidogo tu, na kulegea huko kudogo ndiko kunakokubeba. Kiswahili tayari kina kitenzi cha kazi hii. Tunawamba ngoma, tunawamba kitanda cha kamba, na sioni kwa nini tusiseme fundi amewamba gurudumu. Methali yetu inamlaumu mwamba ngoma kwamba ngozi huivutia kwake. Katika gurudumu kila spoki inavutia kwake bila haya, na kwa kuwa zote zinavuta sawa, ringi inabaki katikati, haina pa kwenda.

Waendeshaji wengi, hata wenye miaka ishirini barabarani, hawajui kwamba spoki huvunjwa na ulegevu zaidi kuliko kukazwa. Gurudumu la inchi 26 huzunguka mara zipatazo 480 kwa kila kilomita. Spoki iliyolegea, katika kila mzunguko, huachiliwa kabisa kisha ikanyakuliwa tena, na pale kwenye kiwiko chake, inapoingia kitovuni, chuma hupindwa na kunyooshwa, kupindwa na kunyooshwa, kama mtoto anavyokata waya bila koleo. Siku inakatika, unalaumu jiwe. Jiwe lilikuwa shahidi tu.

Basi fundi akashika spana yake ndogo na kuanza. Robo mzunguko kwenye nati ya kwanza, robo kwenye ya pili. Akatazama upenyo kati ya ringi na mpira wa breki, maana hicho ndicho kipimo chake, hana mashine nyingine. Nusu ya robo tena. Spoki jirani ya upande wa pili akailegeza kidogo mno, sikuona mkono ukisogea. Baiskeli zenye gea nyuma zina ugumu wake: gea zimekula nafasi ya upande wa kulia, kwa hiyo spoki za kulia zimesimama wima zaidi na lazima zikazwe kuliko za kushoto. Ukizidonoa, upande wa gea unaimba juu na ule mwingine unaimba chini. Usijaribu kuzilinganisha pande mbili hizo. Linganisha kila spoki na ndugu zake wa upande wake.

Waundaji wa zamani waliyajua haya vizuri. Zile baiskeli nyeusi za Kiingereza za inchi 28, mama wa baiskeli nyingi za mizigo zinazopanda vilima vya Afrika Mashariki mpaka leo, zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu mzigo na abiria hukaa nyuma. Nikiona siku hizi magurudumu ya spoki 24 yakisifiwa kwa wepesi, nawaza juu ya gunia la viazi.

Na hapa sina budi kueleza kosa langu. Miaka michache iliyopita nilinunua magurudumu ya aina hiyo, mepesi, spoki zisizo na kiwiko, meusi ya kupendeza. Muuzaji aliyapima mbele yangu kwenye mizani, na mimi nikapendezwa na namba. Kwenye njia ya kando ya ziwa, ile ya Congo Nile inayoanzia hapa Rubavu na kuishia Rusizi kilomita 227 baadaye, spoki moja ilikatika. Gurudumu la spoki 36 likikatika moja, unafungua breki kidogo na kurudi nyumbani. Langu lilipinda hata halikuweza kupita kwenye fremu. Nilibeba baiskeli begani sehemu kubwa ya alasiri ile, na nilipofika mjini sikupata spoki ya namna ile, si Gisenyi, si Goma. Mzee aliitazama iliyovunjika, akanirudishia mkononi bila neno. Baadaye aliniwambia gurudumu jipya, ringi ya matundu 36 yenye kuta mbili, kitovu cha kawaida cha gololi, spoki za chuma kisichoshika kutu zinazopatikana katika duka lolote la vipuri. Ni zito kidogo. Ndilo hilo nililolipeleka chini ya mwavuli, na hata tenge lake lilikuwa la kutarajiwa: gurudumu jipya, kama kitanda cha kamba kipya, hulegea baada ya kulaliwa mara chache na hutaka kukazwa upya.

Tairi ni habari nyingine, na hapa kwetu ardhi yenyewe ndiyo inayochagua. Mji huu umekaa juu ya mazao ya volkano. Mlima Nyiragongo, uliomwaga lava ndani ya Goma Januari 2002 na kulipuka tena tarehe 22 Mei 2021, unaonekana kutoka kwa fundi siku isiyo na mawingu. Mawe yake meusi, ambayo kwa Kinyarwanda huitwa amakoro, yana vinyweleo na makali kama chupa iliyovunjika. Hayatoboi tairi kama mwiba, yanalichana ubavuni. Kwa hiyo hapa mjini na upande wa milima ya volkano natafuta tairi lenye ubavu mnene, na uzito wake siujali. Ukielekea kusini kuingia Rutsiro, mawe yanakuacha na udongo mwekundu unakupokea, na mvua ikinyesha tairi lenye meno yaliyosongamana hujazwa tope likawa mviringo laini kama chapati iliyokunjwa. Huko yanatakiwa meno marefu yaliyoachana, yateme tope kila yanapozunguka. Huwezi kuwa na jozi ya matairi kwa kila safari. Mimi nimetulia hivi: mbele tairi la meno makubwa, kwa sababu gurudumu la mbele likiteleza umekwisha anguka, nyuma la meno mafupi, linaloviringika bila kukunyonya nguvu.

Upepo je? Watu wa hapa hujaza mpaka tairi linakuwa jiwe, wakiogopa pancha. Kwa mzigo wa viazi wako sahihi. Kwa mtu mmoja kwenye mawe wanakosea, maana tairi gumu halikumbatii njia, linarukaruka, na kila jiwe linampiga mpanda na kuzipiga spoki. Bonyeza kwa dole gumba: liingie kidogo, lisifike kwenye ringi.

Kuna matairi yasiyo na tyubu, yanayotiwa maji ya mpira ndani ili yajizibe yenyewe. Kwenye miiba ni neema, nimeyatumia na nayasifu. Lakini mpasuko wa ubavuni hayauzibi, maji yake hukauka baada ya miezi michache, na njia nzima ya kando ya ziwa sijaona duka linaloyauza. Nimerudi kwenye tyubu, tena yenye mdomo mnene kama wa pikipiki, kwa sababu pampu ya kila kijiji inauingia. Ubavu ukichanika, mzee hushona kwa uzi wa nailoni na sindano ya magunia, kisha hugundisha kwa ndani kipande cha tairi kuukuu. Tairi langu la nyuma lina mshono wa namna hiyo, mishono tisa, na limepita msimu mzima wa mvua.

Hakuna kinachotupwa hapo kwake. Tairi lililokwisha kuwa kipara hukatwa mikanda, na mikanda huvuka mpaka. Upande wa Goma ndiko kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali zinazobeba mamia ya kilo za makaa na mboga. Magurudumu yake ni mbao iliyochongwa na kuvishwa ukanda wa tairi kwa misumari, na breki yake ni kipande cha tairi kinachokanyagwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Goma wameijengea sanamu. Upande wetu ndugu yake huitwa igicugutu. Nikimwona kijana ameteremka nayo amepiga goti moja juu ya mbao, sioni umaskini wa baiskeli. Naona mtu aliyeyasoma mawe yale yale ninayoyasoma mimi, akajibu kwa kile alichokuwa nacho.

Na mpira wenyewe una deni katika nchi hii ya jirani. John Boyd Dunlop alitengeneza tairi lake la upepo mjini Belfast kati ya 1887 na 1888, kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Dunia ikalipenda, ikataka mpira, na katika dola la Mfalme Leopold II wa Ubelgiji huko Kongo, lililodumu tangu 1885 hadi 1908, wanakijiji walilazimishwa kuugema msituni kwa bunduki na kiboko, na watu wakakatwa mikono. Raha ya kuteleza juu ya upepo ililipiwa na watu hao. Ndiyo maana mishono tisa ile naiheshimu.

Zile baiskeli za mbao zilimvuta hata Tom Ritchey. Ni mmoja wa wale waliounda na kuuza baiskeli za kwanza za mlimani huko California mwishoni mwa miaka ya 1970. Alifika Rwanda mwaka 2005, akaona wakulima wakisafirisha kahawa kwa baiskeli za mbao, na mwaka uliofuata pakawa na mashindano yaliyopewa jina la baiskeli hizo. Alichora pia baiskeli yenye mgongo mrefu wa kubebea kahawa. Mwaka 2007 Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, alianza kuilea timu ya Rwanda, na ndani yake akatoka Adrien Niyonshuti, aliyeshindana kwa baiskeli ya mlimani katika Olimpiki ya London 2012 na kumaliza wa 39. Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza katika Afrika.

Mashindano ya Tour du Rwanda yanapoingia mjini kwetu, mzee hufunga mwavuli na kwenda barabarani kama watu wote. Mwaka mmoja nilisimama naye. Magurudumu ya kaboni yalipita yakivuma kama nyuki, na nikamuuliza kama hayatamani.

"Mazuri sana," akasema. "Lakini hujaona? Nyuma yao kuna gari, na juu ya gari kuna mengine."

Tangu siku hiyo nachagua kila kipuri kwa kujiuliza nini kitatokea pasipo gari nyuma. Mnyororo naupima kwa rula ya shule: vipingili kumi na viwili kamili vinatakiwa viwe inchi 12; vikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, naubadilisha, kwani mnyororo uliorefuka hula meno ya gea, na gea ni ghali kuliko mnyororo. Ringi ya breki za mpira naipapasa ubavuni, maana tope la volkano ni msasa. Ukuta ukianza kubonyea kama kijiko, umekaribia kupasuka. Vitovu navifungua mara mbili kwa mwaka, kabla na baada ya masika.

Siku ile ya tenge tulikuwa tumeufikia huo msimu, basi alifungua kitovu pia. Gololi kumi na nane, tisa kila upande, akazimimina kwenye kifuniko cha kopo na kuziosha kwa mafuta ya taa. Moja ilikuwa imepoteza mng'aro. Akaziweka zote kando, akafungua pakiti mpya, kwa sababu gololi mpya haikai vizuri kati ya zilizolika. Akapaka grisi, akazipanga kwa kidole, akakaza koni hadi ikabana, kisha akairudisha nyuma kwa upana wa ukucha.

Mwishoni alizishika spoki mbili mbili kwa viganja vyote na kuzibana, akizunguka gurudumu zima. Zikalia kri, kri, zikiachia msokoto. Akazidonoa tena kwa ukucha. Ting, ting, ting, mpaka akarudi alipoanzia. Akalirudisha gurudumu kwenye fremu, mnyororo ukiwa bado nje ya gea, na kulisukuma kwa kidole kimoja, polepole sana. Likazunguka, likapunguza mwendo, likasimama mdomo wa tyubu ukiwa karibu juu. Nikadhani limekwisha. Mzee akanyanyua mkono kunizuia. Kwa uzito wa mdomo ule peke yake, gramu chache tu, gurudumu likaanza kurudi nyuma, likapita chini, likapanda upande wa pili, likarudi tena, na likaendelea kupembea hivyo, kila mara kidogo zaidi, huku mnyonzi mwenye pancha akiwa amekwisha simama nyuma yetu, naye akitazama.