Malaika, kwa Sauti ya Asiye na Mahari

Ukitoka Himo ukashika barabara ya Holili, hufiki mbali kabla ya kuvuka mpaka na kuingia Taveta. Upande huo wa Kenya, katika eneo la Taita Taveta, ndiko alikozaliwa Fadhili William mwaka 1938, na mwaka 1960, akiwa na kundi lake la Jambo Boys, alirekodi wimbo wa Malaika. Mtanzania Adam Salim naye alishikilia kwamba wimbo huo aliutunga yeye, mwaka 1945. Shauri hilo siliamui, ila naona jina la Salim linastahili kutajwa kila Malaika inapopigwa redioni. Ninachokisifu hapa ni uimbaji, ule ufundi uliomo kwenye rekodi ya Fadhili na ambao wengi waliomfuata, wenye majina makubwa kuliko lake, hawakuufikia.

Msikilize vizuri. Hapazi sauti. Anaimba kama anayezungumza na mtu mmoja aliyeketi karibu naye, na muziki unakwenda polepole bila kumfunika hata neno. Anapofika pale kijana anapokiri kwamba kuoa angependa ila mali hana, mwimbaji mwingine angevuta sauti mpaka mishipa ya shingo imtoke. Fadhili anapapita kwa utulivu uleule alioanza nao, na ndipo maneno yanapochoma. Huku mlimani Kilimanjaro tunaelewa. Kijana anayekwenda kuposa anajua kuna pombe ya mbege, kuna mbuzi, kuna wazee wa ukoo wanaomsubiri. Asiye nacho hapigi kelele mbele ya wakwe. Anajikaza, anasema kwa adabu, na kila aliyeketi pale anajua moyo wake ulivyo.

Miriam Makeba aliuimba kwa namna nyingine kabisa. Kwenye albamu yake na Harry Belafonte ya mwaka 1965, iliyopata tuzo ya Grammy, sauti yake ni nzuri mno kiasi kwamba unamsikiliza Makeba na kumsahau yule kijana. Silaumu, maana dunia iliujua wimbo kupitia kwake. Boney M. waliurekodi mwaka 1981, wakaufanya wa kuchezwa. Tuni ilibaki, huzuni ikaondoka. Angélique Kidjo, katika albamu ya Logozo ya mwaka 1991, aliurudishia utulivu, na kwangu mimi ndiye aliyemkaribia Fadhili kuliko wote.

Hata hivyo, si lazima uwe na studio. Jioni moja ya siku ya soko hapa Himo nilimkuta mpiga gitaa akiupiga peke yake kwenye baa, gumba likishika besi, kidole cha shahada kikichambua nyuzi za chini. Kila alipofika penye neno pesa, gumba lilinyamaza. Besi inakatika, sauti inabaki na nyuzi mbili tu, halafu gumba linarudi kana kwamba halikuondoka. Hakumwiga Fadhili, maana kwenye rekodi hakuna kituo hicho. Alikuwa ameelewa neno zito liko wapi, akaamua kuliachia nafasi. Wanaume waliokuwa wakibishania bei ya gunia la mahindi waliacha kubishana. Hiyo ndiyo heshima ambayo mwimbaji wa pili anaweza kumpa wa kwanza, na ni kazi ngumu kuliko kunakili.

Ndiyo maana nina ombi kwa bendi za kumbi za harusi pale Moshi: msiruke ubeti wa pesa. Najua bwana harusi ameshamaliza mahari, wageni wanataka kucheza, na mshereheshaji anawaharakisha kwenye keki. Lakini kijana wa wimbo huu hajaoa. Uimbeni mpaka mwisho, taratibu, hata kama ni kwa gitaa moja, na wanaotaka kucheza wapigieni wimbo mwingine baadaye.