Hakuna Sehemu Mbaya? Uhakiki wa Mafundisho ya Richard Schwartz Juu ya Uponyaji wa Nafsi

Mwaka 2021 Richard C. Schwartz, mshauri wa familia wa Marekani, alitoa kitabu kiitwacho No Bad Parts, yaani Hakuna Sehemu Mbaya. Jina hilo peke yake latosha kumshtua Mlutheri. Sisi tunaokiri, pamoja na kifungu cha pili cha Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ya kwamba watu wote huzaliwa na dhambi, tutasema nini mbele ya mwandishi anayedai kwamba ndani ya mwanadamu hakuna sehemu iliyo mbaya? Katika makala hii tunakusudia kuyaeleza mafundisho hayo kwa haki, kuonyesha faida yake katika utunzaji wa roho, na kisha kuyapima kwa kipimo cha Injili.

Mafundisho yenyewe yalianza katika miaka ya 1980 huko Chicago. Schwartz aliwahudumia watu waliokuwa wakila kupita kiasi na kisha kujitapisha. Alijaribu kutengeneza uhusiano wao na familia zao, lakini ugonjwa haukukoma. Alipowauliza yanayotokea ndani yao, walimweleza juu ya sehemu zinazoshindana: moja huwatukana, nyingine huona upweke, na nyingine huwasukuma kula ili maumivu hayo yasisikike. Akaona ya kwamba nafsi ya mtu nayo ni kama familia. Alieleza fikra hizo kwa utaratibu katika kitabu cha mwaka 1995.

Kwa maelezo yake, sehemu hizo ni za aina tatu. Wako waliofungiwa, ambao hubeba hofu na aibu, mara nyingi tangu utotoni. Wako wasimamizi, ambao hujitahidi kutawala maisha ili kidonda kisiguswe. Na wako wazima moto, ambao kidonda kikiguswa hukimbilia pombe, hasira au uzinzi ili kuzima maumivu. Juu ya hao wote ipo Nafsi yenyewe, iliyo tulivu na yenye huruma. Mshauri hamfundishi mtu kupigana na sehemu zake. Humsaidia kuzisikiliza, kuziuliza zinaogopa nini, na kuzisaidia kutua mizigo yao.

Yako mema ya kupokelewa hapa. Kwanza, Biblia haituonyeshi mwanadamu mwenye sauti moja. Katika Zaburi ya 42 mwimbaji anaiuliza nafsi yake mwenyewe sababu ya kuinama kwake. Katika Warumi 7 Paulo anaeleza vita ndani ya viungo vyake. Augustino, katika kitabu cha nane cha Maungamo, anasimulia mapenzi mawili yaliyokuwa yakimrarua. Nasi katika Kiswahili husema mtu anasutwa na nafsi yake, wala hatushangai kwamba anayesuta na anayesutwa ni mtu mmoja.

Pili, mafundisho haya yanatuonya sisi wahudumu. Washarika wengi huja kwa mchungaji wakiwa wamekwisha kujihukumu kwa ukali kuliko hukumu yo yote tunayoweza kuitoa. Tukiwaongezea Sheria, tunamwimarisha yule msimamizi wa ndani, naye aliyefungiwa anazidi kujificha. Vilevile, mahali ambapo kila sauti ya ndani huitwa pepo na kukemewa kwa kelele, ni vema kuuliza kwanza kama hatumkemei mtoto aliyeumizwa. Tena faida ya njia hii si maneno matupu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliohusu wagonjwa 79 wa baridi yabisi ya viungo, ulionyesha nafuu katika maumivu kwa wale walioongozwa kwa njia hii.

Sasa tuje kwenye pingamizi. Wengi wataanza na neno hakuna sehemu mbaya. Sisi tunaona ya kwamba hapo sipo penye kosa kubwa. Schwartz hasemi kwamba matendo yote ni mema. Yeye hutofautisha sehemu yenyewe na mzigo iliotwishwa. Kanisa letu nalo lilikwisha kuhojiana juu ya jambo linalofanana na hilo. Matthias Flacius alipofundisha ya kwamba dhambi ya asili ndiyo asili yenyewe ya mwanadamu baada ya anguko, Kanuni ya Makubaliano ya mwaka 1577 ilimkataa katika kifungu chake cha kwanza. Asili yetu ni kazi ya Mungu, na dhambi ni uharibifu ulioiingia. Anayemchukia mtu kwa sababu ya dhambi amemfuata Flacius, si Luther.

Kosa liko kwenye Nafsi. Schwartz anafundisha ya kwamba Nafsi hiyo haikuharibika wala haiwezi kuharibika, inafunikwa tu. Hapo hatuwezi kumfuata. Kifungu kilekile kinachomkataa Flacius kinasema pia ya kwamba uharibifu umefika ndani kabisa, wala hakuna kilichobaki kizima. Luther, katika mihadhara yake juu ya Warumi ya mwaka 1515 na 1516, alimweleza mwanadamu kuwa amejipinda kuielekea nafsi yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Hata utulivu na huruma yetu vyaweza kuwa njia ya kujitukuza.

Tofauti hii inagusa kiti cha ungamo. Iko mizigo tuliyotwishwa na wengine, na iko mizigo tuliyowatwisha wengine. Mwanamume ampigaye mkewe aweza kusaidiwa kuelewa ya kwamba hasira yake inalinda woga wa zamani. Ni vema aelewe. Lakini baada ya kuelewa, mke bado ana majeraha, na hatia bado ipo. Nafsi haiwezi kujitangazia ondoleo, mganga hajigangi. Ondoleo ni neno litokalo nje yetu, kinywani mwa mwingine, kwa ajili ya Kristo, na humrudisha mtu kwa jirani yake aliyemkosea.

Je, Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, inayotutaka kumzamisha Adamu wa kale kila siku, inapingana na huruma hii? Tunajibu: la. Anayezamishwa si mtoto anayelia ndani yetu, bali ni yule anayetaka kuwa mungu wake mwenyewe. Mchungaji asiyejua kuwatofautisha hao wawili ataua asiyestahili kufa, au atambembeleza astahiliye kuzamishwa.

Kwa hiyo tunawashauri wanafunzi wetu wakisome kitabu hiki, wajifunze kwacho kuuliza maswali kwa upole, na kuwapeleka kwa wataalamu wale wenye majeraha mazito. Wasikilize mpaka aliyefungiwa apate kusema. Kisha wasimwache mtu peke yake na Nafsi yake, bali wafungue kinywa na kumtangazia msamaha ambao hawezi kujipa.