Azuma: Jembe, Upanga na Ngoma ya Kuamsha Ardhi!

Weka chini unachofanya, rafiki yangu, unisikilize! Nimetoka kuicheza gemu ya Rune Factory: Guardians of Azuma hapa hapa Karatu, na vidole bado vinanicheza. Tamu! Tamu kweli kweli, tamu mno, tamu ya kuacha chai ipoe mezani mpaka iote utando. Unalima, unapigana, unajenga kijiji, unachumbia, unapaa angani... na bado!

Mfululizo huu ulianza Japani mwaka 2006 na wazo lake halijachuja: mtu aliyepoteza kumbukumbu anapewa kashamba, jembe na upanga. Asubuhi anamwagilia, mchana anaingia porini kupambana na madude ya ajabu. Dude likimpenda linahamia kwake na kumsaidia kazi za shamba! Sisi tunaolima chini ya msitu wa Ngorongoro, tembo na nyati wakishuka usiku kufyeka mahindi, hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Huku kulima na kupambana ni kazi moja tangu zamani.

Na hapo ndipo Azuma inapoyapita matoleo yote!

Kule nyuma shamba lilikuwa kwake na vita kwake. Toleo la nne, la mwaka 2012, nalipenda kufa: mji wa Selphia, watu wake wenye vituko, na lile joka kubwa, zuri, lenye roho nyepesi, Ventuswill, linalopenda chapati za maji kupita kiasi! Ila kulima kwake ni kashimo baada ya kashimo. La tano likaja 2021 na mashamba yaliyo juu ya migongo ya majoka. Migongoni, jamani! Wazo tamu, ila kwenye mashine ya Switch mwendo wake ulisuasua.

Azuma sasa! Ardhi imekauka, imeugua, imenyong'onyea, nawe unaingia na ngoma takatifu. Unaipiga, unacheza, na ule ugonjwa unafutika mbele ya macho yako! Nilivaa hedifoni, nikasikia ngoma ikinipanda kifuani, nikajikuta natikisa mabega peke yangu. Kisha unaipiga shambani, na mimea inachomoza, inanyooka, inaiva, figili nyeupe nono unazing'oa moja moja, pwa! pwa! Sikutaka kuacha. Halafu unapewa mwavuli. Unaufungua, unazunguka nao taratibu, mvua inanyesha juu ya matuta yako mengi kwa pamoja! Mtu wa Mang'ola, anayejua kazi ya kungoja zamu ya mfereji ili vitunguu vyake vinywe, akiuona mwavuli huo atapiga kelele. Na bado! Vifaa hivyo hivyo unaingia navyo vitani.

Silaha nazo! Kuna upinde, na kuna hirizi za kurusha, nyepesi, kali, zinazotua pale pale ulipokusudia. Kuna vijiji vinne, kila kimoja na msimu wake, na wanakijiji wenyewe wanashika majembe wakusaidie, kwa hiyo hubaki mtumwa wa ndoo ya maji kama zamani. Unachagua kuwa Subaru au Kaguya, mvulana au msichana.

Halafu unapanda joka. Hapo nilisimama kabisa, pedi mkononi! Dunia inafunguka chini yako kama ukungu unapoondoka ukingoni mwa Ngorongoro na sakafu ya kreta ikajitokeza ghafla, mita 600 chini, pana, ya kijani, tulivu.

Kwa utamu wa mazungumzo ya wanakijiji, la nne bado silivui taji. Yule Ventuswill nitamtetea popote. Lakini kwa raha ya mikono, macho na masikio, Azuma ya mwaka 2025 ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kushika. Anza nayo, kisha rudi Selphia ukamsalimie joka. Na ukishapata ule mwavuli, nipigie simu siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane!