Ufundi wa Kukusanya Chembe

Vipande vya mti vikipikwa kwa maji ya moto yanayokaribia sentigredi 170, hutoa maji ya kahawia yenye harufu ya siki. Ndani yake mna sukari, siki ya mti wenyewe, na lignini, ile gundi inayoushika mti usimame wima. Lignini ni karibu robo ya mti, lakini katika maji hayo imesagika kuwa chembe ndogo mno. Kitambaa hakizikamati, wala hazituami, maana kila chembe ina chaji hasi na huisukuma mwenzake.

Ufundi ninaousifu ni wa kuzipatanisha. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha New Brunswick, Kanada, walionyesha kwamba kitosani inaweza kuifanya kazi hiyo. Kitosani hutengenezwa kwa magamba ya kamba na kaa. Haiyeyuki katika maji matupu, hutaka uchachu, na siki ya mti ipo tayari! Katika uchachu huo hupata chaji chanya, na mnyororo wake mrefu ukipita kati ya chembe huzinasa, zikawa mabonge, zikazama, zikachujwa.

Ustadi wote umo katika kipimo. Ukipunguza, chembe zinabaki zikielea. Ukizidisha, kila chembe inavikwa chaji chanya, zinaanza kusukumana upya, na maji yanachafuka kama mwanzo. Hata kukoroga kuna adabu yake: kwanza kwa kasi ili dawa ienee, kisha polepole ili mabonge yasivunjike.

Akina mama wa kandokando ya Naili nchini Sudan walikuwa na ufundi kama huu tangu zamani. Walitwanga mbegu za mlonge, wakazikoroga katika maji ya mto yenye tope, wakasubiri. Protini ya mbegu hizo nayo ina chaji chanya. Mwanasayansi Samia Al Azharia Jahn aliuchunguza ujuzi wao kwa miaka mingi na kuuandika, na kwa hilo anastahili heshima kubwa.

Kitosani haifai kila mahali. Maji meusi ya viwanda vya karatasi yana magadi makali, na humo haiyeyuki. Huko hupulizwa kabonidioksidi ili lignini ijitenge. Lakini panapofaa, naipendelea kitosani kuliko poliakrilamidi, dawa ya kukusanya chembe itokanayo na mafuta ya petroli, ambayo haiozi kwa urahisi. Lignini inayopatikana inaweza kuchukua sehemu ya fenoli katika gundi ya plaiwudi, na ni vyema iingie humo ikiwa haijachanganywa na kitu cha namna hiyo.

Walimu wa kemia wa vyuo vyetu, magamba ya kamba yapo Pwani, na vumbi la mbao lipo tele kwenye viwanda vya kupasua mbao Mufindi. Wapeni wanafunzi kazi hii, na muwape muda wa kutosha wa kujifunza kipimo.