Fakilte isiyo na wenyewe

Ndugu zangu wa chama, kila tukikutana tunalia juu ya Kinshasa. Rekta anateuliwa Kinshasa, kalenda inatoka Kinshasa, mwaka wa masomo ukichelewa tunasema tunangojea karatasi ya waziri. Ni kweli, sipingi. Lakini kuna chumba kimoja chenye hatukizungumzii kabisa, ni chumba cha baraza la fakilte. Kwa maoni yangu pale ndipo mambo yanaanza kuharibika, kabla hata hayajapanda ndege.

Tukumbushane kidogo, sababu wadogo zetu wa mwaka wa kwanza hawajui. Departementi iko na baraza lake. Fakilte iko na baraza lake, doyeni ndiye analiongoza. Juu yao kuna baraza la chuo na kamati ya rekta na wenzake. Kwenye baraza la fakilte ndiko wanagawa masomo, nani afundishe nini. Ndiko mada za memwari zinapita. Ndiko wanapendekeza asistenti gani apande kuwa CT. Maisha yako yote ya mwanafunzi yanapita kwenye meza ile, na wewe hujui hata wanakutana siku gani.

Sasa tuulize: wenye sauti kubwa kwenye meza ile ni maprofesa, na maprofesa wenyewe wanakaa wapi? Chuo kikuu cha mji kama wetu wa Kindu hakiwezi kuishi bila maprofesa wageni. Wanatoka Kisangani, Lubumbashi, Kinshasa. Mtu anashuka na begi moja, anafundisha somo zima kwa wiki moja au mbili, asubuhi mpaka jioni, anaacha mtihani, anarudi kwake. Simlaumu. Barabara zetu tunazijua, na treni ya Lubumbashi hakuna mtu anaweza kukuapia itafika siku gani. Wengine ni walimu wazuri sana, tunawaheshimu mpaka leo. Lakini kufundisha ni kitu kimoja, kutawala fakilte ni kitu kingine. Siku baraza linaketi, mgeni yuko kwao, pengine anaketi kwenye baraza la kwao. Basi linaketi na nani? Doyeni, katibu, na wawili watatu wenye wako mjini. Au haliketi, doyeni anaandika barua, muhuri unagongwa, wanasema fakilte imeamua. Fakilte gani?

Fakilte nilimosomea sitaitaja jina. Tulikuwa na somo la magonjwa ya mimea, na sehemu yake ilikuwa ya shambani. Mpunga ulikuwa unatoa masuke, ndio wakati wenyewe wa kuona pirikulariozi ikishika shingo ya suke mpaka suke linabaki jeupe na tupu. Tiketi ya profesa ikatoka miezi miwili baadaye. Tulipofika shambani tulikuta mabua. Asistenti wa somo lile alikuwepo muda wote, shamba lilikuwa umbali wa kutembea kwa mguu kutoka kwake. Alitaka sehemu ya shamba itangulie, darasa lifuate. Aliambiwa hayo ni mambo ya baraza, na baraza halikuwa limeketi tangu mwanzo wa mwaka. Leo kuna watu wa promosheni yangu wanapewa kazi ya kushauri wakulima wa mpunga, na ugonjwa ule waliuona kwenye picha ya fotokopi ya rangi nyeusi.

Huyo asistenti ndiye ninayemwandikia hasa. Fungua memwari yako, kama bado unayo. Kwenye jalada jina la juu ni la profesa, direkta wa kazi; jina la chini ni la asistenti au CT. Nani alisoma kurasa zako? Nani alikwenda nawe kupima mistari ya mihogo kwenye jua? Wengi wetu jibu tunalo. Na wengi wa wale wa jina la chini hawajaingizwa hata kwenye listi ya mishahara ya Serikali, wanaishi kwa prime ya chuo yenye inatoka kwenye minervali zetu, ikitoka. Wanabeba fakilte kila siku. Kwenye baraza wanapewa wajumbe wachache wa kuwawakilisha.

Watu wanapenda kusema haya yote ni Mobutu aliyatengeneza. Nusu kweli. Kabla ya 1971 nchi ilikuwa na vyuo vikuu vitatu: Lovanium ya Wakatoliki huko Kinshasa, cha Serikali huko Lubumbashi, na cha Waprotestanti huko Kisangani. Mwaka ule wa 1971 vikaunganishwa kuwa kitu kimoja, UNAZA, na rekta mmoja. Fakilte zikahamishwa kama mizigo, kila moja ikapewa mji wake. Yetu ya agronomia ikapelekwa Yangambi, kwenye vituo vya utafiti vilivyoachwa na Wabelgiji wa INEAC. Mahali penyewe pazuri kwa agronomia, sitadanganya. Lakini kitu chenye watu wanasahau ni kwamba kati ya waliounga mkono muungano ule walikuwemo walimu Wakongo wenyewe. Walichoka kuwa chini ya wazungu na mapadri, wakaona Serikali itawapa nafasi. Nafasi waliipata. Ufunguo wa nyumba ulibaki kwa mwingine. Mwaka 1981 UNAZA ikavunjwa, vyuo vikarudi kuwa vitatu, na baadaye vikaongezeka mpaka sasa kila mkoa unataka chake. Lakini tabia ya kungojea karatasi haikuvunjwa.

Wengine katika eneo letu waliliandika jambo hili wazi. Walimu wa vyuo vya Tanzania walikutana Dar es Salaam mwezi wa nne 1990 wakatoa tamko lao juu ya uhuru wa kitaaluma. UNESCO nayo, katika pendekezo lake la 1997 juu ya walimu wa elimu ya juu, inasema walimu wawe na haki ya kuchagua wengi wa wajumbe wa vyombo vya kitaaluma vya chuo chao. Wengi, si wawili wa kupamba meza.

Najua mtanijibu nini. «Tukiwaachia wa hapa, watachagua mtoto wa kwao, kila kabila na doyeni wake.» Hofu hiyo ina msingi, tumeshaona uchaguzi wa wanafunzi unavyokwenda. Lakini majina yanayotoka juu, kwani yanatoka mbinguni? Nayo yana kabila, na yana chama. Tofauti ni kwamba mtu aliyechaguliwa na wenzake anaokaa nao mji mmoja, watamkuta sokoni kesho.

Mimi naomba mambo mawili tu, na hakuna lenye linahitaji sheria mpya ya Bunge. Asistenti na CT wenye wanakaa mjini wasikizwe kwenye kugawa masomo na kupanga lini yafundishwe, sababu wao ndio wanajua mvua inaanza lini. Na PV ya kila baraza la fakilte ibandikwe kwenye valve, palepale panapobandikwa pointi zetu: nani alikuwepo, nani hakuwepo, nini kiliamuliwa. Pointi zetu zinasomwa na mji mzima, mpaka mama muuza mikate anajua nani ana seconde session. Za kwao hatujawahi kuziona.