Nani Huunda Sera ya Ajira katika Umoja wa Ulaya? Uhakiki wa Mikabala Miwili

Mjadala wa kitaaluma kuhusu chimbuko la sera ya ajira katika Umoja wa Ulaya umetawaliwa na mikabala miwili. Ule unaotokana na kazi ya Ernst Haas ya mwaka 1958 huzipa uzito taasisi za Umoja, hasa Kamisheni. Ule wa Andrew Moravcsik, uliokomazwa katika kitabu chake cha mwaka 1998, hushikilia kuwa serikali za mataifa ndizo zinazoamua, kila moja ikipima maslahi yake. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba mikabala yote miwili humtafuta mwamuzi katika kikao kinachoitwa cha ajira, ilhali uamuzi mzito zaidi ulifanyika katika vikao vya fedha.

Sura ya ajira iliingizwa na Mkataba wa Amsterdam, uliotiwa saini mwaka 1997. Kwa utaratibu huo, ambao sasa umo katika Ibara ya 148 ya Mkataba wa Utendaji wa Umoja wa Ulaya, Kamisheni hupendekeza miongozo, Baraza la mawaziri huipitisha, na Bunge huombwa maoni tu. Nchi inayopuuza mapendekezo haitozwi faini. Ibara ya 153(5) nayo huzuia Umoja kutunga sheria za kijamii zinazohusu mishahara. Mtafiti anayeishia hapa atamuunga mkono Moravcsik bila shida.

Ugiriki inamvurugia hitimisho hilo. Februari 2012, kama sharti la mkopo uliosimamiwa na Kamisheni, Benki Kuu ya Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa, kima cha chini cha mshahara kilipunguzwa kwa asilimia 22, na kwa wenye umri chini ya miaka 25 kwa asilimia 32. Aliyestahili euro 751 kwa mwezi akabaki na 586. Kiwango hicho kilikuwa kimewekwa kwa mapatano ya kitaifa baina ya waajiri na vyama vya wafanyakazi; kwa hiyo pamoja na fedha ilikatwa pia haki ya pande hizo kuafikiana. Itajibiwa kwamba Bunge la Ugiriki lenyewe lilipiga kura. Lilipiga, naam, lakini kuiita kura hiyo upimaji huru wa maslahi ni kulinyoosha neno mno. Kamisheni nayo ilikuwapo mezani kama msimamizi wa deni, si kama mlezi wa ajira, jambo ambalo wafuasi wa Haas hawalitenganishi.

Linganisha na agizo la mwaka 2022 kuhusu kima cha chini cha mshahara. Denmark, isiyofungwa na mkopo wa aina hiyo, ilikwenda mahakamani. Novemba 2025 Mahakama ya Haki ya Umoja iliacha sehemu kubwa ya agizo isimame, ila ikafuta vigezo vya kupangia viwango kwa kuwa viliingilia mishahara moja kwa moja. Ibara ileile haikuwa kinga kwa mfanyakazi wa Athens.

Mfano mgumu zaidi kwa hoja hii ni Ireland. Chini ya mpango wa mkopo wa mwaka 2010, kima chake kilishushwa kutoka euro 8.65 hadi 7.65 kwa saa. Serikali mpya ikakirejesha Julai 2011, huku ikiwapunguzia waajiri mchango wa bima ya jamii. Wadai waliridhia. Yaani hata mdaiwa alikuwa na nafasi ya kujadiliana, mradi mizani ya fedha isiharibike.